Mlango Haujivunji Wenyewe

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya kuchunguza makosa ya polisi nilipewa meza yenye miguu mitatu. Mahali pa mguu wa nne palikuwa pamepangwa vitabu vya maadili ya askari, vipya kabisa, bado vimefungwa kwa nailoni ya kiwandani. Mzee Wekesa, aliyekuwa amepewa kazi ya kunifunza, aliniona nikivitazama akaniambia nisiviguse. Alisema tangu vichapishwe, hiyo ndiyo mara ya kwanza vimebeba kitu.

Nyinyi mnaobaki pale orofa ya sita mmenisihi niandike jinsi kazi ilivyokuwa, nami nimekubali kwa sababu sasa nina muda na kuku wangu hawapendi mazungumzo. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini. Aliyepandishwa anajua, na asiyepandishwa anajua zaidi. Nitawaeleza tulivyofanya kazi, na hasa kesi moja ya Kileleshwa ambayo karibu initoe kanisani.

Nilifika pale kutoka mahakamani, nilikokuwa karani miaka mingi. Nilidhani najua polisi kwa kuwa nilikuwa nimewasikia wakiapa kila asubuhi. Mzee Wekesa alinisahihisha. Yeye mwenyewe alikuwa sajini mstaafu, mtu wa Bungoma, mrefu, mpole, mwenye sweta moja ya kijivu ya kila msimu. Askari waliokuja kuhojiwa walimwita mzee mbele yake na msaliti akishapita. Hakujali. Alisema majina yote mawili ni ya kweli kutegemea umesimama wapi.

Chombo chake cha kazi kilikuwa penseli nyekundu. Alinipa taarifa za askari rundo zima na kuniamuru nipige mstari chini ya kila kitendo. Nikapiga. Risasi ilitoka. Mshukiwa akaanguka. Mahabusu akapata majeraha. Pikipiki ikapotea kwenye ua wa stesheni. Dirisha likapasuka, simu ikazama, mtu akafariki. Nilipomaliza aliniuliza nimeona nini, nikasema nimeona mambo mengi ya kusikitisha. Akasema hapana, niangalie tena: nimeona mambo mengi ambayo hakuna mtu aliyeyafanya. Ukisoma zile faili ungefikiri askari wa Nairobi ni wageni waalikwa tu, wamepewa viti wakakaa, na vitu vinatendeka vyenyewe mbele yao.

Basi akanifundisha swali moja la kuuliza kwa sauti ya chini, bila kukunja uso. Risasi ilitoka. Nani? Dirisha likapasuka. Nani? Usiongeze neno. Mtu akiulizwa maneno mengi huchagua lile analoweza kulijibu.

Kesi yangu ya kwanza pamoja naye ilikuwa ya nyuki. Kulikuwa na maonyesho ya kilimo pale uwanja wa Jamhuri, na gari la polisi lilirudi nyuma kwa kasi likaingia kwenye kibanda cha mfugaji mmoja wa Dagoretti, likabomoa mizinga yake yote. Mfugaji alishtaki. Taarifa ya polisi ilisema kwamba gari lilikuwa limeegeshwa kwa amani, nyuki wakalishambulia. Askari walikuwa watano. Tuliwahoji mmoja mmoja, na kila mmoja aliapa kwamba yeye alikuwa ameketi nyuma. Nikaandika kwa mkono wangu kwamba gari lile lilikuwa na abiria watano wa nyuma na halikuwa na dereva. Nilikuwa tayari kufunga faili kwa aibu.

Mzee Wekesa aliwaita wote tena, wakapanga mstari kama watoto wa chanjo. Hakuwauliza lolote. Aliwatazama nyuso tu. Walikuwa wamevimba wote, lakini mmoja alikuwa amevimba upande wa kulia peke yake, kutoka sikio hadi kiwiko, upande ambao dereva huweka mkono dirishani akiwa anarudisha gari nyuma. Mzee alimpa kiti akamwuliza pole pole kama dirisha lilikuwa wazi. Kijana akasema lilikuwa wazi, afande. Halafu akauficha ule mkono uliovimba nyuma ya mgongo, kwa sababu alishajua amesema nini.

Mfugaji alishinda. Lakini msikie jinsi alivyoshinda. Mahakama iliilaumu serikali, na serikali ikalipa. Serikali ni mimi na wewe na mama anayeuza sukuma wiki pale Waithaka. Hata mfugaji mwenyewe, kila aliponunua sukari, alichanga kidogo kujilipa mizinga yake. Yule dereva aliendelea na kazi, akapewa gari jipya, kwa kuwa lile la kwanza lilikuwa na asali.

Miaka mingi ikaenda hivyo. Mzee Wekesa alistaafu akarudi kwao, akaniachia penseli. Na muda si mrefu baadaye maneno mapya yakaanza kusikika: kwamba askari akikosea kwa uzembe wake mwenyewe, abebe mzigo mwenyewe, kwa jina lake na mshahara wake. Mahakama zilianza kusema hivyo, na sisi tukaruhusiwa kupendekeza hivyo. Orofa ya sita tulifurahi hata tukanunua mandazi. Tulidhani wakubwa watakuwa waangalifu. Wakawa waangalifu kweli. Walichunga sana majina yao yasionekane. Zamani kosa lilikuwa halina mwenyewe. Sasa lilikuwa na mwenyewe, na kila mara mwenyewe alikuwa yule mdogo kuliko wote.

Hapo ndipo akaja Nekesa.

Alikuwa msichana wa kazi katika nyumba ya kupanga kule Kileleshwa, umri wake haujafika thelathini, mzaliwa wa upande uleule wa Mzee Wekesa. Alipanda ngazi zetu zote akiwa amefungwa mkono wa kulia, maana lifti ilikuwa mbovu kama kawaida, na alipoketi hakulia wala hakupumzika. Alianza kueleza palepale. Jumamosi asubuhi waajiri wake walikuwa wamesafiri, naye alikuwa jikoni akipika chai. Akasikia mlango ukigongwa kwa kishindo na sauti zikisema polisi, fungua. Akajibu nakuja, nafungua. Alikuwa ameshika ufunguo ndani ya kitasa wakati nyundo kubwa ilipopiga mlango kutoka nje. Mlango ulimjia wote. Ulimvunja mkono juu ya kiwiko.

Walikuwa wakimtafuta mwizi wa magari. Mwizi kweli alikuwepo na aliishi nyumba nambari sita, ila nambari sita ya jengo la nyuma. Nekesa alikuwa nambari sita ya jengo la mbele. Walipotambua hivyo, wangeweza kumwomba radhi na kumpeleka hospitali. Badala yake walimtia ndani mpaka Jumatatu kwa kosa la kuzuia polisi kufanya kazi. Kwa maneno mengine, mkono wake ulikuwa umezuia mlango wao. Mwizi wa nyuma alisikia kelele, akatoka kwa miguu yake akiwa na mswaki mdomoni, na sijui alikomalizia kupiga mswaki.

Waajiri waliporudi walikuta mlango hakuna na majirani wanasimulia polisi. Wakamfukuza Nekesa kwa adabu sana. Walimwambia hawamshuku, ila jengo ni la watu wa heshima.

Nilimwambia kwamba anaweza kupata fidia. Aliuliza nani atakayelipa. Nikasema huenda serikali.

"Madam, mimi pesa sitakataa, nina mtoto kwa mama yangu," akasema. "Lakini serikali sijaiona. Mimi niliona mtu. Nataka huyo mtu aseme ni yeye."

Nikaitisha taarifa za stesheni. Zilikuja haraka mno, jambo ambalo liwe onyo kwenu siku zote. Askari wanane walikuwa wameandika, na wote wanane walikuwa na mwandiko tofauti na akili moja. Kila mmoja alisema kwamba mlango ulipatikana ukiwa umevunjika. Kila mmoja alisema pia kwamba walifika kwenye jengo lisilo lenyewe kwa sababu ya dereva wao, Konstebo Barasa, ambaye aliwapoteza njia. Wa tisa alikuwa Barasa mwenyewe. Taarifa yake ilikubali kila kitu. Mkubwa wa stesheni alikuwa ameambatisha maneno yake ya kupendekeza kwamba, kwa kufuata moyo wa uwajibikaji binafsi, Konstebo Barasa abebe lawama binafsi.

Nilipofika kwenye jina la aliyewaongoza wote tisa, nikaweka penseli chini. Inspekta Gitau. Ninamjua Gitau. Kwao na kwetu Waithaka tunatenganishwa na ua wa miiba ya kei-apple. Mama yake na mimi tuko chama kimoja cha akina mama kanisani, na mwanawe alipohitimu chuo cha polisi, mimi ndiye niliyepika chapati.

Nilimwendea mkurugenzi wetu nikamweleza kwamba namfahamu mshukiwa na kwamba ni haki faili apewe mwingine. Mkurugenzi alikuwa mtu mwerevu aliyependa faili nyembamba. Aliwauliza wengine waliokuwepo nani anaitaka kesi ya Inspekta Gitau, na ghafla kila mtu akawa na safari ya Naivasha. Akaandika kwamba nimetangaza uhusiano wangu, akanirudishia. Kisha akaongeza kwamba haoni ugumu, kwani mkosaji amekwisha kukubali. Alimaanisha dereva.

Nikamwita Barasa. Alikuja amevaa shati la nyumbani, akaketi kwenye ukingo wa kiti. Nilimsomea taarifa yake, naye akawa anatikisa kichwa kukubali kila sentensi kabla sijaimaliza. Nikamwomba anieleze alivyowapoteza wenzake njia. Akasema aliwapeleka jengo la mbele badala ya la nyuma. Nikamwuliza aliegesha gari wapi. Akasema nje ya geti, barabarani, chini ya mti. Nikamwuliza kama alishuka. Akasema hapana, aliamriwa abaki na gari. Nikaweka kalamu chini, maana nilitaka naye asikie alichokisema. Kulikuwa na geti, ukuta, na ua mzima kati yake na hiyo milango miwili.

"Nani?" nikamwuliza.

Alitazama mlango wa ofisi kwanza. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba mkubwa wa stesheni alimwahidi uhamisho wa karibu na kwao Kakamega iwapo atatia sahihi. Akiwa na mke mjamzito huku na shamba kule, aliona ni afadhali. Alikuwa hajaambiwa kwamba fidia ingetoka kwenye mshahara wake mpaka ailipe yote. Nilipomweleza, alifunga macho. Hakuniambia jina la mtu yeyote siku hiyo. Lakini aliiomba ile taarifa irudishwe kwake, akasema atafikiri.

Kesho yake nikaenda Kileleshwa kuona mahali penyewe. Hilo nawasihi: nendeni mkaone. Faili haina ngazi wala harufu, na mtu akiwa ofisini huamini kuta ziko pale anapoambiwa ziko. Getini nilimkuta soja, mtu wa makamo aitwaye Musyoka, kofia yake imepigwa pasi. Aliniambia kwanza kwamba hakuona kitu. Walinzi wote wa Kileleshwa huajiriwa kwa ajili ya kuona, na wote hubakia kazini kwa ajili ya kutoona, kwa hiyo sikumlaumu. Nikamwomba anionyeshe tu nambari sita zote mbili. Alinizungusha. Tulipofika kwenye mlango mpya wa jengo la mbele, bado haujapakwa rangi, akasimama.

Akasema Nekesa alikuwa akimletea chai kila asubuhi, yenye maziwa, hata siku ambazo wenye nyumba hawakujua. Na kwamba tangu aondoke hakuna mwingine aliyewahi kumletea hata maji.

"Mimi nilimwambia yule mkubwa wao," akasema. "Nilimwambia, afande, huyo mnatafuta ni wa nyuma, hapa ni mama wa kazi peke yake. Akaniambia nikae hapo, yeye ndiye polisi. Halafu akachukua nyundo kwa kijana mmoja, akapiga mwenyewe. Alisema hao vijana wanachelewa."

Nikamwuliza kama anaweza kuyarudia hayo mbele ya watu. Alisugua kofia kwa kiganja. Kisha akauliza kama kule kuna chai.

Ikafika Jumapili. Ibada ilipokwisha Mama Gitau alinisubiri nje, karibu na matangi ya maji, amevaa leso ya kichwa ya chama chetu. Hakuja na zawadi wala vitisho, na ingekuwa rahisi zaidi kama angekuja navyo. Aliniambia tu kwamba Gitau halali. Alinikumbusha chapati. Alisema hao watu wanaoletwa kwenye kesi hawajui, ila mimi najua kwamba Gitau ni mtoto mzuri.

"Mama Wambui, huyu ni mtoto wetu," akasema. "Si kuna dereva amekubali?"

Wazee wawili wa kanisa walikuwa wamesimama karibu wakisikiliza kwa namna ya watu wanaotazama mawingu. Wote wawili, naomba mkumbuke, walikuwa wamehubiri mwezi huohuo kuhusu polisi wanaoonea raia. Waithaka nzima ilitaka askari washtakiwe. Ilitaka tu waanzie mtaa mwingine.

Nilimjibu Mama Gitau kwamba hata yule dereva ana mama. Ila mama yake yuko Kakamega, hawezi kunipata baada ya ibada. Alinitazama kana kwamba nimempiga kofi, akageuka akaenda. Wiki iliyofuata chama kilikutana bila mimi kuarifiwa. Nilijifariji kwamba hatimaye kuna kundi limekutana na kufikia uamuzi upesi.

Barasa alirudi ofisini kwangu. Alikuwa amezungumza na mkewe, naye mkewe alimwuliza swali moja tu: mtoto akikua na kuuliza, baba alivunja nini? Akaandika taarifa mpya kwa mkono wake. Ilikuwa fupi. Alikaa kwenye gari. Aliona nyundo ikiingia haina vumbi, na Inspekta Gitau akitoka nayo ina vumbi. Baadaye stesheni wote waliketishwa chumba kimoja, mkubwa wao akawasomea cha kuandika, nao wakaandika. Akatia sahihi, na jina lilisomeka.

Shauri lilisikizwa mbele ya jopo la watu watatu, katika ukumbi mmoja hapa katikati ya jiji wenye zulia la zamani na mashine za baridi zinazonguruma kuliko mawakili. Musyoka alikuja na kofia yake. Alisema yote, akaulizwa na wakili wa Gitau kama soja anaweza kujua kazi ya polisi kumshinda polisi. Akajibu kwamba hajui kazi ya polisi, yeye anajua tu nani anaishi wapi. Barasa naye alisema yake, akitazama ukuta. Askari wengine wanane hawakutazamana.

Gitau alipopanda kizimbani alikuwa amefunzwa vizuri. Nilimsikiliza nikaisikia shule yote ya zamani. Operesheni ilifanyika. Taarifa za kijasusi zilikuwa zimepokelewa. Mlango uliathirika. Kuna mtu aliyekuwa nyuma ya mlango, na majeraha yakatokea. Wakili wake alikuwa akiitikia kila sentensi kwa kichwa, kama mwalimu wa kwaya. Mama Gitau alikuwa ameketi safu ya mwisho, mkoba mapajani.

Mwenyekiti wa jopo akamwuliza Nekesa kama ana la kuuliza. Sisi hatukuwa tumemtayarisha kwa hilo. Alisimama taratibu. Ule mkono ulikuwa umeunga vibaya, haunyooki, na aliushika kwa mwingine kama mtu anayebeba mtoto wa jirani.

"Afande, nilisema nakuja, nafungua. Ulinisikia?"

Wakili akainuka kupinga. Mwenyekiti akamwomba akae. Mashine za baridi zikaendelea kunguruma. Gitau alimtazama wakili wake, akatazama meza, kisha nikaona macho yake yamekwenda nyuma ya ukumbi, yakarudi.

"Nilikusikia," akasema.

"Sasa kwa nini ukapiga?"

"Nilikuwa nimeshainua nyundo. Vijana wangu walikuwa wananiangalia. Soja aliniambia si hapa. Nikaona nikirudi nyuma nitaonekana sijui kazi. Niliuvunja mimi. Dereva hakuwa ndani."

Wakili alikusanya karatasi zake akazipanga upya, ingawa zilikuwa zimepangwa. Nekesa hakusema asante wala hakulia. Aliitikia kwa kichwa mara moja, akakaa. Nami, niliyekuwa nimesoma taarifa za polisi kwa miaka yote hiyo, nilitambua kwamba ndiyo mara ya kwanza kusikia afisa akianza sentensi na silabi ya "ni", ile ya mimi, na kuimaliza bila kusukumwa.

Uamuzi ulitoka baadaye. Gitau alishushwa cheo, na sehemu kubwa ya fidia ikaamriwa itoke kwake mwenyewe, kidogo kidogo kila mwezi. Barasa aliachiliwa. Uhamisho wa Kakamega haukuja. Akahamishiwa Turkana, ambako aliniambia kwa simu kwamba angalau hakuna milango mingi. Na yule mkubwa wa stesheni, aliyewasomea wanane cha kuandika? Nilipendekeza naye aadhibiwe. Pendekezo langu lilipokelewa kwa shukrani. Aliondolewa stesheni akapelekwa chuo cha mafunzo, na nasikia somo lake ni uandishi wa taarifa.

Kwa hiyo msidhani nawaambia tulishinda. Tulimpata mmoja, wa katikati. Aliye juu yake alipaa. Lakini kabla ya hapo mzigo ulikuwa ukidondoka mpaka chini kabisa, na safari hii tuliudaka ukiwa bado hewani. Hiyo ndiyo kazi yenu sasa. Mkisikia uwajibikaji binafsi, ulizeni mara moja huyo binafsi ana cheo gani, na nani aliyekuwa amesimama juu yake.

Kwa muda polisi wa upande wetu wa magharibi ya jiji wakawa watu wa tahadhari ya kutisha. Jirani yangu mmoja aliingiliwa na wezi mchana, akapiga simu stesheni, naye akaulizwa kama ana uhakika nyumba hiyo ni yake. Afisa mmoja aliyekuja kwetu kuhojiwa alinilalamikia kwamba sasa hawawezi kufanya kazi, kwa kuwa mtu akifikiria mshahara wake mkono unakuwa mzito. Nikamwambia daktari anafanya kazi hivyo. Dereva wa basi la shule anafanya kazi hivyo. Fundi wa umeme akiunganisha vibaya, yeye ndiye wa kwanza kujua. Akasema polisi ni tofauti. Nikamwuliza tofauti gani, akasema ni vigumu kueleza.

Nekesa hakurudi kufanya kazi za nyumba. Ule mkono hauwezi kukamua nguo. Anauza chakula cha mchana kwa mafundi wanaojenga yale maghorofa mapya ya Kileleshwa, githeri na chapati, na ameajiri msichana wa kukanda unga. Nilipita kwake kabla sijastaafu. Nilitaka kujua kama alichokitaka kilimsaidia, maana katika kazi hii mtu hupewa karatasi zenye mihuri na huulizwi kama umepona. Aliniambia kwamba zamani, mtu akibisha tu, alikuwa anajificha bafuni. Baada ya siku ile ya ukumbini aliacha. Hakujua ni kwa nini. Labda, akasema, ni kwa sababu alikuwa akidhani mlango wowote unaweza kukurukia, na sasa alijua ule mmoja ulikuwa na mtu nyuma yake. Alininyima bili. Nikamlazimisha, tukabishana, nikala chapati nyingine ili hesabu iwe na maana.

Mama Gitau hakunisalimia kwa kipindi kirefu sana. Chama kilinirudisha, nikawa nakaa kwenye kona na akina mama wa chai. Halafu Jumapili moja, baada ya mimi kustaafu, alikuja akaketi kando yangu kwenye benchi, kabla ya ibada kuanza, wakati watu bado wanapangusa viti. Hakuuliza habari ya kuku wala ya maumivu ya miguu yangu. Alitazama mbele, kwenye madhabahu.

Alisema Gitau alikuja nyumbani wiki hiyo. Amekonda. Ile pesa bado wanamkata, na bado amekasirika, hasa na mimi. Nikasema najua. Akasema hiyo siku yeye alikuwa jikoni, mlango ameurudisha tu, haukufungwa. Akasikia mtu nje. Tangu Gitau aanze kutembea, mlango huo huwa anausukuma na kuingia, kama watoto wote.

"Alibisha," Mama Gitau akasema. "Mimi mamake. Alisimama nje akabisha, akangoja mpaka nikamwambia ingia."

Sikujua kama ananishukuru au ananishtaki. Nadhani hata yeye hakujua. Akasogeza mkoba wake ili nipate nafasi ya kuweka kitabu changu cha nyimbo, na watu wote wakasimama.